Mama Wapi, Aliyesikiliza Magoti ya Watu

Katika parokia yetu hakuna awezaye kuandika maisha ya Mama Wapi kunishinda mimi. Nimesoma hadi darasa la saba, na hilo la saba nililipenda mno hata nikalisoma mara mbili. Kusema kweli, Padre alimwomba kwanza mwalimu, kisha karani, kisha muuza rozari, na wote wakasema wamebanwa na kazi. Mimi alinikuta nimekaa tu kwenye benchi napumzisha miguu, nikapewa kalamu. Lakini nilikuwa wifi yake kwa miaka arobaini na mitatu, na wifi huona hata yale ambayo malaika mlinzi huyafumbia macho. Pokeeni basi, ndugu wapendwa, habari za mtumishi huyu wa Mungu. Kanisa halijamwandika kwenye kalenda yake, na Kanisa halina haraka. Sisi wa mtaani tuna magoti ya kutoa ushahidi.

Alizaliwa mwaka 1929, wiki ya kwanza ya Kwaresima, katika nyumba ya pili kutoka kanisani, mtoto wa nne wa fundi seremala na mchota maji. Mama yake namwita mchota maji kwa makusudi, maana ingawa alipika, alilima na kulea, hakuna kazi iliyomla kama hiyo. Mtaa wetu umelala ubavuni mwa kilima: kanisa juu, bomba chini, na katikati ngazi mia moja arobaini na tatu zilizochongwa kwenye udongo na kushikizwa kwa mbao. Kila nyumba ilishuka na ndoo tupu ikapanda na ndoo iliyojaa. Waliokuwepo siku ya ubatizo wake wanasema hakulia alipomwagiwa maji kichwani. Mama yake alisema, "Atalia vipi? Anajua yametoka wapi."

Alipotimiza miaka kumi na miwili masista walimchukua katika chumba chao cha kufulia. Huko alijifunza kupika wanga wa kukazia kola, kupima joto la pasi ya mkaa kwa kuitemea mate kidogo, na kukunja vitambaa vya altare mara tatu bila kuacha alama ya kidole. Zaidi ya yote alijifunza kuandika, kwa sababu Sista mwenye chumba alikuwa na daftari, na hakuna nguo iliyoingia majini kabla ya kuandikwa humo ni ya nani na ina doa gani. "Andika doa ulilolikuta," Sista alimwambia, "usiandike doa ulilolitarajia." Siku moja Padre wa wakati ule alileta kanzu yake akasema imemwagikiwa divai ya misa. Binti aliinusa, akaandika: Kanzu ya Padre, kifuani, mchuzi. Sista alipoisoma alilazimika kutoka nje ili asicheke mbele ya msalaba. Kuanzia hapo hadi kufa kwake, mwanamke huyu hakuandika neno ambalo hakulikuta.

Alifikiria sana utawa. Badala yake, mwaka 1950, aliolewa na kaka yangu fundi baiskeli, mtu mwenye meno mazuri, na sina la kuongeza. Walijaliwa watoto wawili, naye akaendelea kufua nguo za kanisa. Mwaka 1958 mama yake aliteleza kwenye ngazi ya sitini akiwa na ndoo, akavunjika nyonga. Alilala chali miaka miwili, kisha Mungu akampumzisha. Toka siku ile, kila wifi yangu aliposhuka kwenda bombani alizihesabu ngazi kwa midomo, moja baada ya nyingine, kama mtu anayesali rozari, na alipofika ya sitini alinyamaza.

Wito wake ulimjia mwaka 1967, kwa barua. Jimbo lilituandikia kwamba marafiki wa mbali watatujengea kitu kimoja, kimoja tu, na mtaa utaje ni kipi kabla ya Jumapili ya Matawi. Padre alikuwa hajamaliza kuikunja ile barua, Mwenyekiti wa kamati ya parokia, mwenye duka la saruji na misumari, akasimama na karatasi yake mkononi. Alikuwa ameshachora mnara wa kengele, na chini ya mnara jiwe, na juu ya jiwe nafasi ya jina la mtu. "Waumini wameafiki," alisema. Hakuna aliyekuwa amefungua kinywa, isipokuwa kwa kupiga miayo.

Hapo mke wa fundi baiskeli akainua mkono. "Samahani, kaka. Umewauliza lini?"

"Nani?"

"Hao waumini walioafiki."

"Dada yangu, hawa mimi nawajua. Hawana haja ya kuulizwa."

Padre alikuwa mtu wa kupenda amani, na ndiyo sababu hakuwahi kuipata. Alisema anayetaka kuuliza akaulize, ana wiki tatu, kisha atakuja mgeni wa jimbo kusikia jibu. Tukiwa njiani kurudi wifi aliniambia atapita nyumba zote hamsini na nane. Nikamwambia, "Wifi, uache kufua nguo za Bwana uende kufua midomo ya watu?" Akacheka. Lakini hapa sina budi kusema jambo ambalo waandishi wa watakatifu hulipaka chokaa: hakwenda kuuliza akiwa mtupu. Jibu alikuwa nalo tayari. Kwa ajili ya mama yake aliyeozea kitandani, alitaka zahanati, naye aliwatafuta watu wa kumwambia zahanati.

Siku mbili za kwanza aliuliza kama wanavyouliza watu wa ofisini: "Mnahitaji nini?" Akavuna upepo. Nyumba ya kwanza walimjibu, "Wewe umeleta nini?" Nyumba ya pili walisema kama ni mablanketi, wao wako saba; nao walikuwa wanne na kuku. Mtaa wetu ulishaulizwa swali hilo na watu waliokuja na magari, na ulijifunza kumwangalia mwulizaji mkononi kabla ya kumjibu. Siku ya tatu akaligeuza swali. Alisimama mlangoni kwa mkunga mstaafu, akamwamkia, kisha akasema tu, "Kwenu kunauma wapi?"

Yule bibi alipandisha gauni hadi pajani. "Hapa, mwanangu. Goti hili la kulia. Likianza, hata Salamu Maria siimalizi."

Ndivyo kosa lilivyoingia, na kwa mlango huo neema ikaingia. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba mfua nguo amefundishwa uganga na masista na anatibu bure. Alikofika alikuta miguu imeshanyooshwa kwenye kigoda. Wengine walimwita barabarani: "Mama Wapi! Njoo na huku kunauma!" Jina likamganda, na watoto wakapata mchezo wa kuulizana Mama Wapi yuko wapi. Yeye hakumfukuza mtu wala hakumdanganya mtu. Alisema, "Dawa sina, nina daftari," akakaa, akasikiliza, akaandika alichokikuta. Ukurasa mmoja ninao hapa, na unasomeka hivi: Goti la kulia. Goti la kulia. Jino. Goti la kulia. Mume. Goti la kulia.

Alipohesabu alipata magoti thelathini na moja, yote ya wanawake, na alifurahi kupita kiasi kinachomfaa mtakatifu. Magoti yote hayo, zahanati isijengwe? Alibakiza nyumba moja, ya mshona viatu, mzee mkimya aliyefanya kazi kibarazani na misumari midomoni. Alimsomea magoti yote. Mzee akaitema misumari kiganjani.

"Mimi sijui magoti. Mimi najua soli. Viatu vyenu wanawake vyote vinalika mbele, mguu wa kulia, maana ndio unaosukuma kupanda na ndoo. Vya waume zenu havina alama."

"Ndiyo maana nasema zahanati, mzee wangu."

"Haya. Zahanati itampa dawa ya goti Jumatatu. Jumanne goti litashuka ngazi zile zile kufuata maji ya kumezea dawa. Si hivyo?"

Mzee akarudisha misumari mdomoni. Mama Wapi akafungua daftari palepale kibarazani, akaandika kwa mkono wake: Doa langu mwenyewe. Nilitaka zahanati. Hakuna aliyenituma. Ndugu zangu, wapo watakatifu waliopigana na simba. Huyu alipigana na wazo lake mwenyewe zuri, nalo ni mnyama asiyeonyesha meno. Siku tatu zilizofuata alirudi nyumba zote na swali la pili: "Nimeandika kwamba ndoo ndiyo inayouma. Nimekusikia sawasawa, au nimejisikia mwenyewe?" Wakamwambia amesikia.

Majaribu hayakuchelewa. Mwenyekiti alitangaza kwamba mfua nguo anachochea watu na kulifanya goti kuwa dini. Akamnyang'anya kazi ya nguo za kanisa, akampa shangazi yake mwenyewe, na Jumapili mbili mfululizo Padre alisoma misa amevaa kanzu ya rangi ya chai ya maziwa. Mama Wapi alikuwa anakaa kiti cha nyuma, hana nguo ya kupiga pasi, mikono imekaa mapajani kama ya mgeni. Nilimwona akilia mara moja tu. Aliniambia, "Wifi, siogopi kunyimwa kazi. Naogopa wanawake hawa wamenionyesha magoti yao bure."

Mgeni wa jimbo alikuja Jumamosi saa nne asubuhi, akaketishwa mbele, kanisa likajaa. Mwenyekiti alisimama katikati ya njia na mchoro wake wa mnara, akazipitia kwa macho nyuso za watu waliokopa saruji kwake, akauliza nani anataka mnara. Mikono ikapanda. Ulipanda hata wa mkunga. Ulipanda, Mungu anisamehe, hata wa kwangu, maana aliniangalia mimi. Mgeni alianza kuandika.

Mama Wapi alisimama, uso umempauka. "Padre, jambo kubwa kama hili hatukulianza kwa sala."

Padre alikiri kwamba ni kweli.

"Basi tusali. Tufumbe macho wote, tuinamishe vichwa. Padre na mgeni wetu peke yao wabaki macho." Kanisa likainama. Alisali Baba Yetu taratibu, na alipofika kwenye mkate wetu wa kila siku alisita. "Bwana, wewe unaona sirini. Anayeona ndoo ndiyo inayomuuma, bado tumefumba macho, akuinulie mkono." Tukasikia nguo zikichakarika, kama shuka nyingi zinazokung'utwa pamoja. Alimalizia sala, tukasema Amina. Padre, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, alisema amehesabu mikono mia moja na tisa.

"Uongo!" Mwenyekiti akafoka. "Hawafiki hata tisini!"

Mgeni alimgeukia kwa upole. "Ndugu Mwenyekiti, wewe umeionaje, na tulikuwa kwenye sala?"

Maji yalifika juu ya kilima mwaka uliofuata, tangi kando ya kanisa na mabomba matatu barabarani. Nguo za kanisa zilirudi kwa mwenyewe, na zikarudi kuwa nyeupe. Mnara hatuna hadi leo. Kengele yetu ni rimu ya gari, nayo inaamsha hata wasiotaka wokovu. Kila mwaka, baada ya Pasaka, Mama Wapi alipita tena nyumba hadi nyumba na swali lake. Kwa njia hiyo tukapata vyoo vya shule, kisha mfereji wa maji ya mvua, na mwaka 1979, watu walipoitaja wenyewe, zahanati. Alifariki Ijumaa moja ya mwaka 1993, mchana, akikunja kitambaa cha altare. Alikuwa amekunja mara mbili, na mara ya tatu tulimkunjia sisi.

Mnauliza miujiza. Ukame mkubwa ulipokuja, tangi letu halikukauka. Mafundi wanasema ni kwa sababu lilikuwa kubwa, nami nasema lilikuwa kubwa kwa sababu aliuliza kila nyumba inatumia ndoo ngapi. Na katika magoti thelathini na moja, ishirini na saba yalipona bila kuguswa. Basi tumwige. Ukienda kumwuliza jirani, acha jibu lako nyumbani, uliza panapouma, andika unalolikuta, kisha rudi uulize kama umesikia sawa.

Mwaka 2003 tulifanya misa ya kumbukumbu ya miaka kumi. Mwenyekiti, sasa mzee wa fimbo, aliomba kusema neno, na alisema vizuri, na machozi. "Marehemu alianzia kwangu. Nilimkaribisha, nikampa kiti, nikamwambia, dada yangu, maji kwanza, mnara utangoja. Naye akaandika." Watu walipiga makofi. Padre mpya, ambaye hakuijua habari hiyo, alifurahi mno, akamwomba mwalimu alete daftari la marehemu, lililokuwa limewekwa altareni kwa misa hiyo, atusomee sote maneno hayo ya heri. Mwalimu alipekua mpaka akaipata nyumba yenyewe, ya arobaini na moja, akasafisha koo, akasoma kwa sauti:

"Kwa Mwenyekiti. Nimebisha mara tatu. Hayupo nyumbani. Amesema mwenyewe, dirishani."