Fundi Sofa Ahamishwa Jukwaa

Siku za kazi humkuti Fundi Sofa bila misumari mdomoni. Ni ile midogo yenye vichwa bapa, ya kubania kitambaa kwenye fremu ya kiti. Huipanga katikati ya midomo, anaitoa mmoja mmoja kwa ulimi, nyundo inapokea, na kiti kilichoingia karakanani mifupa mitupu kinatoka kimevaa kama bwana harusi. Ndiyo maana wateja wanamjua kuwa ni mtu mpole asiye na maneno. Maneno anayo, tena mengi, ila mchana hana pa kuyapitishia.

Huyapeleka uwanjani. Tangu ujana wake ni shabiki wa Radi, timu ya jezi za rangi ya damu ya mzee, na mahali pake hapajabadilika: jukwaa la jua, karibu na nguzo ya taa, juu ya mto alioushona mwenyewe kwa mabaki ya velveti ya mteja. Zege la jukwaa lile halina huruma na mtu, lakini kwa Sofa lilikuwa sebule. Hapo aliwahi kumkumbatia mtu asiyemjua mpaka wote wawili wakaporomoka safu nzima. Hapo pia ndipo alipoletewa habari kwamba mkewe amejifungua mtoto wa kwanza, akajibu kwamba sawa, anakuja, ngoja tu hii kona ipigwe. Mkewe hajamsamehe kwa hilo, na haonyeshi haraka yoyote.

Sasa msimu huu. Msimu huu ulimvuruga kila mtu akili. Ligi ilifika katikati Radi ikiwa ya nne, na nafasi ya nne ni mahali pabaya kwa shabiki, maana huwezi kutamba na huwezi kulia. Waliwachapa vinara wa ligi mpaka watangazaji wakakaukiwa sauti. Wiki iliyofuata wakafungwa na timu iliyopanda daraja juzi tu, timu ambayo hata kipa wake alionekana kushangaa. Wakicheza vizuri wanafungwa, wakicheza ovyo wanashinda. Tawi la Radi la mtaa ule hukutana kwenye baraza ya bucha ya Mwenyekiti, na hapo kulikuwa na waliotaka kocha afukuzwe, waliotaka aongezewe mkataba, na waliotaka yote mawili kutegemea matokeo ya Jumamosi. Je, ubingwa upo, au ndiyo basi tena? Ungeuliza wakati nyama inapimwa ukajibiwa upo, na kabla haijafungwa kwenye mfuko ungeambiwa hii timu haina kitu.

Katika vurugu hiyo Katibu wa tawi akaja na maelezo yake. Katibu ni mwalimu wa hesabu, mwanamume mwenye miwani na sauti ya ubaoni. Alikuwa amegundua kwamba ule mwezi Fundi Sofa alipopata kazi ya viti vya ukumbi wa harusi, akakosa mechi mfululizo, Radi ilishinda zote. Aliporudi na mto wake, wakafungwa. Alipougua jino akabaki nyumbani, wakashinda. Jino likang'olewa, akaja na shavu lililovimba, wakafungwa kwa penalti ya dakika za nyongeza.

"Mimi sisemi ana mkosi," Katibu aliwaambia wenzake barazani. "Mimi nasema tuangalie tu."

Wakaangalia. Na ukishamwambia mtu aangalie mkosi, atauona hata kwenye bakuli la supu.

Wiki ya mechi na Mamba, wale mahasimu wa jadi wenye jezi za kijani, Mwenyekiti na Katibu wakafunga safari hadi karakanani. Walimkuta fundi amepiga magoti mbele ya kochi, misumari mdomoni, anavuta kitambaa kwa mkono mmoja. Mwenyekiti ni mtu aliyezoea kukata mfupa kwa pigo moja, lakini siku hiyo alizunguka mbuyu mpaka Katibu akaanza kukohoa. Aliuliza hali ya nyumbani. Akausifu mguu wa kochi.

"Kaka Sofa," alisema hatimaye, "wewe unaipenda Radi kuliko sisi wote. Hilo halina ubishi."

Sofa akaitikia kwa kichwa.

"Na hakuna kitu usichoweza kuifanyia."

Akaitikia tena.

"Basi tunakuomba, kaka. Jumamosi usije."

Sofa alitaka kuuliza kwa nini. Akaanza kutema misumari kiganjani, mmoja baada ya mwingine, maana ukikimbilia kuongea unameza. Kabla hajamaliza, wageni walikuwa wamemshika bega, wamemshukuru kwa moyo wake mkubwa, na wametoka haraka kama watu walioacha maziwa jikoni. Alibaki na misumari mkononi na swali mdomoni, na mlangoni hapakuwa na mtu.

"Wamekufukuza," mkewe alisema jioni.

"Hawajanifukuza, mama watoto. Wameniomba."

"Mtu akikuomba utoke kwake, amekufukuza kwa adabu. Kula."

Hakula. Iliuma, tena iliuma sana, lakini hakuweza hata kukasirika vizuri, kwa sababu hakuwa na uhakika kwamba wamekosea. Ilikuwa kweli kwamba akienda wanafungwa. Na kama anaipenda timu kweli, si ndiyo akae mbali nayo? Halafu akafikiri upande wa pili. Radi wakishinda Jumamosi bila yeye, atakuwa amethibitishwa kuwa mkosi, na nani atamrudisha tena jukwaani? Radi wakifungwa, jina lake litasafishika, lakini watakuwa wamefungwa na Mamba, na hilo ni jambo la kuombea adui. Alitaka kuomba dua akagundua hajui aombe nini.

Jumamosi mchana alikuwa amekaa kwenye kiti cha mteja, jambo ambalo hulikataza kwa kila mtu, pale shemeji yake alipopita. Shemeji huyu ni kaka wa mkewe, na ni Mamba wa kutupwa. Alikuwa amevaa kijani juu hadi chini, na jezi nyingine ameitupia begani.

"Shemeji, mbona umekaa kama umefiwa? Mechi yenyewe hata haijaanza."

Sofa akamweleza. Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaacha kucheka, kwa sababu aliona uso wa mwenzake.

"Hebu subiri," alisema. "Wamekukataza jukwaa lao. La kwetu wamekukataza?"

Mkewe alipomwona anatoka na jezi ya kijani iliyombana tumboni alikaa chini kabisa, akajifuta machozi kwa kanga. "Nenda," alimwambia. "Lakini ukifa leo sijui nitakuzika na nani."

Kwa hiyo Fundi Sofa aliingia uwanjani kwa lango ambalo hakuwahi kuligusa maishani mwake. Hakuchukua mto wake, maana rangi yake ingemsaliti. Alikaa juu ya zege tupu katikati ya Mamba, akashangaa kukuta kwamba nao wanalalamikia kocha wao, nao wanasema timu haina kitu, nao wana mzee anayeomba kwa macho yaliyofumbwa kila adui anapopata kona. Radi walipofunga bao, alijiuma ukosi wa jezi. Walipofunga la pili aliinama, akajifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Filimbi ya mwisho ilipolia, kitu kilifunguka kifuani mwake. Alikuwepo! Alikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho, na Radi wameshinda. Mkosi gani tena? Alimwacha shemeji yake akiwa ameshika tama, akaenda mbio hadi bucha, anahema, anacheka peke yake. Kwa furaha ile akasahau alichovaa.

Baraza lote liligeuka lilipoona kijani kinaingia.

"Nilikuwepo," alisema. "Ndugu zangu, leo nilikuwepo uwanjani, na tumeshinda. Kwa hiyo si mimi. Narudi mahali pangu."

Mwenyekiti aliweka kisu chini. Akamwangalia Katibu, kama mtu anayeangalia jiko ambalo si yeye aliyeliwasha.

"Ulikaa wapi?" Katibu aliuliza taratibu.

"Kwa Mamba. Na shemeji yangu."

"Na leo nani kafungwa?"

"Mamba."

Katibu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. "Nilikosea," alisema, na Sofa akaanza kutabasamu. "Nilisema huyu akija, Radi wanafungwa. Kumbe sivyo. Anakokaa ndiko kunakofungwa."

Ilichukua muda kidogo kuwaingia. Ilipowaingia, barazani hapakukalika. Walimnyanyua juu juu na kijani chake, wakamzungusha mtaani, wakamwimbia wimbo ambao huimbiwa mshambuliaji tu. Mwenyekiti alimkatia pande la steki kwa mkono wake mwenyewe. Sofa alisema mara kadhaa kwamba yeye alichotaka ni kurudi kwenye nguzo yake ya taa, lakini alikuwa mabegani mwa watu, na mtu aliye mabegani mwa watu hasikiki, anaonekana tu. Walipomshusha, mambo yalikuwa yameshapangwa. Mzunguko wa pili wote atakaa na wapinzani. Tawi litamtafutia jezi zao. Mto wake utawekwa mahali pake kila mechi, na hakuna atakayeukalia.

"Ni heshima, kaka," Mwenyekiti alisema. "Ubingwa ukija, umeuleta wewe."

Nyumbani mkewe aliikaanga steki, akaonja, akaisifu. Kisha akauliza, "Sasa wewe ni shabiki wa nani?"

"Wa Radi."

"Unayekaa na adui."

"Kwa ajili ya Radi."

"Haya," mkewe alisema, akamwongezea chumvi.

Mechi iliyofuata ilikuwa na Upepo, watu wa jezi nyeupe. Mtaa mzima ulikuwa na imani ambayo haukuwahi kuwa nayo msimu wote. Kocha aliyekuwa afukuzwe sasa alikuwa fundi wa mbinu. Watu waliokuwa wakipishana barazani kama paka na panya walikuwa wakikubaliana hata kabla mwenzao hajamaliza kusema. Fundi Sofa alivalishwa nyeupe, akasindikizwa hadi lango la wageni, akaachwa pale.

Alipata nafasi kando ya mama mmoja mtu mzima aliyejifunga kitambaa cheupe kichwani. Ng'ambo ya uwanja, karibu na nguzo ya taa, aliona kidoa cha damu ya mzee kwenye zege, na pande zake mbili watu wamebanana, wamekiachia nafasi. Ulikuwa mto wake. Alijaribu kufurahi kwamba wamemwekea. Lakini kuna kiti kingine ambacho watu hukiacha wazi namna hiyo, na mwenyewe huwa hayupo tena duniani. Hakujua achague maana ipi, kwa hiyo akaangalia mpira.

Radi walipata bao mapema. Ng'ambo kule waliruka wote, na wakati wanaruka aliona wengine wananyoosha mikono kuelekea upande wake, wanamshukuru. Hapo ndipo alipoelewa jambo ambalo mwalimu wa hesabu hakulisema. Radi wakishinda leo, atabaki huku. Wakishinda na wiki ijayo, atabaki huku. Wakichukua ubingwa ataushangilia akiwa huku, kimoyomoyo, kati ya watu wanaolia. Njia ya kurudi kwenye mto wake ilikuwa moja tu, nayo ni Radi wafungwe yeye akiwa amekaa hapa hapa. Wazo hilo lilimtisha. Akalifukuza. Likarudi, kama kuku aliyefukuzwa jikoni.

Karibu na mapumziko winga wa Upepo alimpita beki, akampita wa pili, akabaki yeye na kipa. Jukwaa zima la weupe lilisimama. Fundi Sofa akasikia mtu anapiga kelele, "Piga! Piga, mwanangu!", na sauti ile aliifahamu vizuri. Ilikuwa yake. Alikuwa amesimama, ngumi zote mbili juu.

Mpira uligonga mwamba ukatoka nje. Watu waliguna, naye akaguna pamoja nao, mguno wa kweli uliotoka tumboni. Kisha akakaa taratibu juu ya zege, na machozi yakaanza kumtoka, mtu mzima na ndevu zake.

Yule mama wa kitambaa cheupe akamsogelea, akamwekea mkono mgongoni.

"Usilie, baba," alimwambia. "Kipindi cha pili bado. Tutarudisha."

Fundi Sofa akaitikia kwa kichwa, kama mtu mwenye misumari mdomoni.