Bakuli la karatasi lililonifunga Kamina: kwa dada aliyeuliza kazi za mikono "salama" za vijana wa kituoni

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa zamu ya usiku na mnaosoma kimya kimya bila ku-comment.

Juzi kuna dada humu aliuliza: anafanya kazi kwenye kituo cha vijana, bajeti hana, anatafuta kazi za mikono za bei rahisi na ambazo hazitamuumiza mtu. Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nikalale. Imeshindikana, kwa hiyo mnivumilie. Sijaongeza chumvi hapa, umri wangu umeshapita wa kutafuta likes.

Nimezaliwa Kamina, Kongo, na haya ni ya enzi ikiitwa Zaire. Siku hizi niko Kigoma kwa binti yangu, ndio maana Kiswahili changu kimenyooka kidogo. Baba alikuwa mtu wa reli, alitoka Kasai. Jina langu ni Ngalula.

Nilifanya kazi kwenye nyumba ya wasichana iliyosimamiwa na mtawa mmoja, tukimwita Masere. Wengi walikuwa watoto wa askari wa Base, ile kambi kubwa ya jeshi. Baba anahamishwa kwenda upande mwingine wa nchi, mama hayupo, mtoto anabaki. Wengine walikuwa wa familia za reli. Wote walikuwa kati ya miaka kumi na mitatu na kumi na saba, na nyinyi mliolea mnaujua umri huo.

Kazi yangu ilikuwa saa za mchana, baada ya chakula, pale joto linapowapandisha watu hasira. Masere alisema, "Ngalula, uwape kitu cha mikono." Lakini kabla sijafika kulikuwa na ugomvi wa wembe, msichana mmoja akashonwa shavu. Kwa hiyo kisu, mkasi, sindano na moto vyote vilipigwa marufuku. Pesa nayo haikuwepo.

Sasa niambie, dada yangu, unabaki na nini?

Tulibaki na karatasi na uji.

Nakuandikia namna ya kufanya kwa sababu ndicho ulichouliza. Unachukua beseni, unaligeuza, unalipaka mafuta ya mawese mgongoni ili karatasi isigande. Unachana magazeti kwa mkono, vipande vya upana wa vidole viwili. Unapika uji mzito wa unga wa muhogo, unauacha upoe. Unabandika vipande, tabaka juu ya tabaka, unaanika juani. Likikauka unalitoa, una bakuli. Ni jepesi, halivunjiki, na halimkati mtu.

Wasichana waliokuwa wanapigana kwa ajili ya ndoo walikaa chini wakachana karatasi kimya. Mimi nilikuwa naweza hata kusinzia kidogo. Nilimshukuru Mungu kwa saa ile kuliko mshahara, ambao wenyewe mnajua ulivyokuwa ukija Zaire.

Tatizo lilikuwa moja tu. Magazeti yaliyokuja na treni kutoka Lubumbashi hayakuwa na ukurasa bila picha ya Rais. Rais anapanda ndege, Rais anashuka, Rais na kofia yake ya chui. Kuichana sura ile, mtu mwenye roho mbaya angeweza kukupeleka ndani. Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu wetu: sura nzima huichani, unaibandika ilivyo, tena tabaka za chini kabisa, na tabaka ya juu ni ya karatasi ya mifuko ya saruji tuliyoomba kwa watu wa reli. Hakuna aliyelisema kwa sauti. Kila msichana mpya alionyeshwa na wenzake, basi.

Feza ndiye aliyekuja akafanya kinyume.

Feza alikuwa na miaka kumi na mitano, mtoto wa Base. Mama yake alifariki, baba akahamishwa asirudi. Alikuwa hakai. Unamwambia akae, anaegemea mlango, macho barabarani. Kisha ikaja habari kwamba mama mdogo wake, anayeuza samaki wa kukausha Malemba-Nkulu, atakuja kumchukua. Siku hiyo hiyo Feza akakaa chini na kuomba beseni.

Alitengeneza bakuli la kumpelekea mama mdogo. Sijawahi kuona mtoto akilainisha karatasi kwa dole gumba vile. Mimi wiki ile malaria ilinilaza, kwa hiyo tabaka ya mwisho sikuiona. Karatasi ya saruji ilikuwa imeisha. Feza akatafuta ukurasa mzuri kuliko yote, akaubandika ndani, katikati kabisa. Nilipomuuliza baadaye alinijibu hivi: "Mama Ngalula, niliona bakuli iko tupu sana. Nikatia mutu ndani."

Mtu mwenyewe mmeshamjua.

Basi ikafika sherehe ya chama. Kiongozi wa chama wa mtaani kwetu (jina lake nalimeza) alikuja na wenzake wawili kuona wasichana wakiimba na kucheza. Alivaa abacost, lile koti bila tai, kwenye jua lile. Tukawakaribisha karanga za kuchemsha. Sahani za nyumba hazikutosha, Feza mwenyewe akatoa bakuli lake kwa moyo mweupe, msichana wa jikoni akajaza.

Bwana yule alikuwa mlaji. Anamenya, anatafuna, ganda anarudisha humo humo bakulini. Nyimbo zinaendelea. Anachimba, anamenya, anarudisha ganda. Mara mkono ukasimama.

Mimi nilikuwa nyuma yake na jagi la maji. Nikachungulia. Katikati ya maganda kulikuwa na jicho, limevaa miwani, linamtazama.

Akapuliza maganda pembeni. Ikatoka na kofia.

Wasichana wakaacha kuimba mmoja mmoja. Masere alishika rozari yake. Mimi niliogopa, nasema kweli, kwa sababu nilimjua jirani yetu aliyechukuliwa kwa maneno madogo kuliko hayo, na kurudi kwake kulikuwa kwa shida.

"Nani njo alifanya hii?" bwana akauliza. ("Njo" ya kwetu ni "ndiye", na "minyi" ni "mimi".)

Akaliinua bakuli juu, maganda na yote.

"Nimeuliza, citoyennes. Nani?" Enzi zile tuliitana "citoyen" na "citoyenne", yaani raia, badala ya bwana na bibi.

"Ni minyi," Feza akasema. Akaja mbele, kanga yake imefungwa vizuri kabisa.

"Unajua uyu ni nani?"

"Ndiyo, citoyen. Ni Rais."

"Na unamutia chini ya karanga? Unamutupia maganda?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Feza akaliangalia bakuli, akamwangalia yule bwana, na akajibu bila ujeuri wowote, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni:

"Minyi nilimutia mu bakuli safi, citoyen. Maganda, weye njo ulitupa."



Bwana akageuka polepole kuwaangalia wenzake wawili. Wale wawili nao walikuwa wanamwangalia yeye. Zaire ya wakati ule kila mtu alikuwa na mwenzake wa kumchongea kwa wakubwa, na niliiona hesabu ile ikipita usoni kwake. Akaanza kuokota maganda, moja moja, kwa ncha za vidole. Akakosa pa kuyaweka. Akayatia kwenye mfuko wa abacost.

Hakuna aliyecheka. Kicheko tulikicheka wiki nyingine.

Ila msidhani yaliisha. Bakuli sasa halikuwa bakuli. Huwezi kulitupa, huwezi kulichoma, huwezi kulitilia karanga. Bwana akawaza, akatoa amri: hii ni picha ya Rais, itundikwe ukutani. "Na ikiharibika, uyu mutoto njo atajibu. Asitoke Kamina bila minyi kujua."

Siku chache baadaye mama mdogo akafika. Mwanamke mfupi, ananuka samaki na moshi, miguu imevimba kwa safari. Akakuta mtoto wa dada yake amekaa chini ya ukuta na fagio mkononi, anafukuza panya. Maana uji wa muhogo panya wanaupenda, na Masere, kwa woga, alikuwa ameifanya iwe kazi ya Feza.

"Minyi nilipanda bwato mupaka Bukama, nilipanda treni," mama mdogo akasema. "Sikukuja kuona mutoto anachunga sahani. Narudia naye."

"Mama, wataniuliza," Masere akajibu. "Nitasema nini?"

Treni ya kurudi ilikuwa kesho yake, na ukiikosa hujui nyingine itapita lini. Feza hakulia. Alirudi kuegemea mlango, macho barabarani, kama siku aliyokuja. Hilo ndilo lililonishinda.

Nikaenda kwa yule bwana. Nilimwambia mtoto anaondoka, mimi nitajibu mahali pake. Nilidhani atafoka. Alikuwa amechoka kama mimi. Akauliza tu, "Jina?" Nikasema Ngalula. "Basi, Ngalula njo atajibu." Alitaka jina la mtu, lolote.

Jioni ile wasichana wote walikaa wakamtengenezea Feza bakuli jingine, la mama mdogo. Tabaka za chini magazeti, sura nzima nzima kama kawaida yetu, juu karatasi ya saruji tuliyoombaomba stesheni. Halikukauka. Alilipakata bichi ndani ya treni, na beseni lenyewe tuliliacha liende naye.

Na mimi nikabaki na la ukutani.

Miaka mingi, wakuu. Nililipaka pilipili panya wasile. Mvua ikivuja, nilihamisha bakuli kwanza, kitanda changu baadaye. Kaka yangu aliniita Lubumbashi kwenye kazi nzuri, nikasema siwezi. Nilipata mchumba wa Kolwezi, akachoka kusubiri. Yule bwana wa chama alihamishwa zamani na hakuna aliyeniuliza tena hata siku moja, lakini ningejuaje kama hawataniuliza kesho? Nilichoka mpaka nikazoea.

Utawala ulipoanguka, sura ile ile iliyokuwa lazima ukutani ikawa hatari ukutani. Nikaitoa haraka, nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Ikalainika. Nikabandua tabaka, chini yake yumo tena. Nikabandua, yumo tena. Nilikaa kwenye kigoda nikalia, na sikumlilia yeye.

Kwa hiyo dada, ushauri wangu: uji wa muhogo, weka pilipili, tumia karatasi ya saruji. Kisu na sindano ficha. Lakini usidhani salama inaishia kwenye kuficha kisu. Angalia pia nani anakuja kutembelea vijana wako, na anatafuta nini.

Mwaka jana mfanyabiashara mmoja wa samaki alinipa salamu za Feza. Yuko Malemba-Nkulu, ana watoto, na bakuli lile la pili bado analo, ukingo umeanza kubanduka. Mtoto wake mdogo alivuta kidogo, akaona jicho, akamuuliza mama yake uyu ni nani.

Feza akamjibu: "Ni mutu moja alizoea kukula karanga yetu."

Nimemaliza. Mliolea vijana vituoni, wekeni hapa chini mlichotumia nyinyi. Nitasoma asubuhi, macho yakiniruhusu.