Nchi ya Kina Nyang'au

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, hata sasa ninapobaki na meno ya kuhesabu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa darasa la saba katika shule moja hapa Gesima. Nilijiona bingwa wa jiografia, na sina haja ya kukuficha: nilikuwa na maringo.

Mwalimu wetu alitafuta mwanafunzi mmoja wa kutuwakilisha kwenye shindano mjini Kisii. Mji huo nilikuwa sijawahi kuuona, na niliitaka nafasi hiyo mpaka chakula kikawa hakishuki. Tulibaki wawili, mimi na Moraa, rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja. Mwalimu angesoma habari za wanyama wa nchi fulani, walio hai na waliokwisha, nasi tuitaje nchi hiyo.

"Ni kisiwa," alianza. "Palikuwa na ndege mnene asiyejua kuruka wala kumwogopa mtu. Mabaharia wakammaliza."

"Morisi!" nilisema haraka.

Akasoma habari za punda milia mwenye mistari mbele tu, nyuma hana. Moraa akataja Afrika Kusini. Mwalimu alituonyesha picha yake kitabuni, akasema hayupo tena popote duniani, hata mmoja. Mwili ulinisisimka. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mnyama anaweza kwisha kabisa, kama sukari inavyokwisha koponi, tena kusiwe na jirani wa kumwomba mwingine.

Tukawa sare. Likabaki swali moja.

"Nchi ya milima," Mwalimu akasoma polepole. "Tembo, nyati na fisi walikuwa wengi, leo hawaonekani. Lakini wenyeji bado wanaitwa kwa majina ya wanyama hao."

"Uhindi!" nilipaza sauti, maana tembo wa Uhindi nilikuwa nimewasoma.

Moraa alinitazama kwa mshangao. "Mwalimu, si ni hapa kwetu Gusii? Kuna kina Nchogu, huyo ni tembo. Kuna kina Ong'era, huyo ni nyati. Na babu yake Kemunto ni Nyang'au."

Kemunto ndiye mimi, na darasa zima liliangua kicheko. Katika lugha yetu nyang'au ni fisi, basi. Lakini katika Kiswahili tulichosomeshwa, nyang'au ni mnyama mkali, tena ni tusi la mtu katili. Ndiyo maana jina hilo nilikuwa nimelitoa kwenye madaftari yangu yote, nikawa naandika Rebeka Kemunto tu, kana kwamba sina baba wala babu.

"Jibu ulikuwa nalo nyumbani kwenu," Mwalimu aliniambia, akampa Moraa nafasi.

Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira. Nilimkuta babu akichuma majani chai, nikamuuliza bila hata kumsalimu, "Babu, kwa nini walikuita jina baya hivyo?"

Hakunigombeza. Alitua kikapu chini.

"Omwana one," alisema, yaani mwanangu, "mama alizaa watatu kabla yangu, akawazika wote wangali wachanga. Nilipozaliwa mimi akaniita Nyang'au, ili kifo kinione fisi, kinidharau, kipite. Kikapita."

Kisha akanyoosha mkono kuelekea mteremko wa chai. "Hapo palikuwa msitu. Fisi wakianza kulia, hata ng'ombe walinyamaza zizini. Sauti hiyo wewe hutaisikia tena hapa. Limebaki jina, nalo unalionea haya?"

Nilitazama ile chai iliyopangwa mistari, nikajaribu kuona msitu. Niliogopa, mwanangu, ile hofu ya mtu aliyesimama mbele ya jambo kubwa kuliko yeye. Baba yangu, mimi, ndugu zangu wote, tulikuwa hai kwa sababu mama mmoja aliyefiwa alisikia fisi wakilia, akapata wazo.

Kesho yake niliandika Nyang'au kwenye jalada la kila daftari. Walicheka wiki nzima, wakachoka. Moraa alikwenda Kisii, mimi nikabaki, na iliniuma sana.

Basi nasaha yangu ni hii. Nyinyi vijana mnapunguza majina ya wazee wenu ili yapendeze masikioni mwa wageni. Kabla hujalitupa, muulize mwenye jina, na umuulize angali na sauti ya kukujibu. Habari za nchi za mbali zisome zote, mimi bado nazipenda, lakini anza na mteremko unaouona ukifungua mlango. Huenda mnyama aliyekwisha hapo amebaki ndani ya jina lako tu, na ukilifuta, umemmaliza mara ya pili.

Mungu akujalie watoto wakuzike wewe, wala usiwazike wewe. Na siku watakapokuuliza jina lao lilitoka wapi, akujalie uwe na la kuwaambia.