Kichekesho cha Kifaransa

Leo sokoni Tooting, huku ughaibuni, nimepatana bei ya kanda ya video, ingawa sina mashine ya kuichezea. Inanuka plastiki iliyopata moto, kama sebule yetu wakati Papa alipoacha kusema, baada ya simu kuleta habari ya kifo cha mama yake kule Bukavu.

Mama aliweka kanda ya kichekesho cha Kifaransa kwenye mashine, akatutafsiria sisi watoto uongo mtupu.

"Anasema mke wake ni mbuzi."

Tulicheka. Papa, aliyejua Kifaransa kumshinda Mama, alivumilia mbuzi wawili. Wa tatu akamshinda.

"Hakusema vile!"

"Basi tafsiri wewe, mwenye kusoma."

Akatafsiri mpaka mwisho, hata akacheka. Filamu ilipokwisha, akanyamaza tena. Mama akairudisha kanda mwanzo.