Gharama ya Meli Iliyosimama

"Meli ikisimama tu majini, inakula nini?"

Nakumbuka siku ile Bibi Anastasia aliponiuliza hivyo, nami, msichana mwenye shahada mpya, nikacheka. "Haili kitu, Bibi. Imelala."

Mwanangu, nilikuwa karani wa kikundi cha kahawa cha akina mama wa Kibosho, naye ndiye mwenyekiti wetu. Kontena letu la kwanza lilikuwa limeshafika bandarini, linangoja kupakiwa. Bandari ilikuwa imejaa, meli zimepanga foleni nje, na kampuni ya meli ikatutaka tukubali tozo ya ucheleweshaji kabla ya Ijumaa. Nikagoma. Wachelewe wao, tulipe sisi? Niliwaandikia barua ya maswali, kurasa tatu. Kuuliza si ujinga, nilijiambia. Ijumaa ikapita. Meli ikaondoka, kahawa ikabaki, na mnunuzi pekee tuliyempata alikuwa anaisubiri.

Bibi hakunigombeza. Jumamosi asubuhi alinichukua hadi kwenye mfongo, ule mfereji wa maji unaoshuka kutoka mlimani, ambao kila nyumba ina zamu yake. Zamu yake ilikuwa imefika, ila jirani wa juu hajafunga maji. Tukasimama. Jua likapanda.

"Msomi, mimi nafanya nini hapa?"

"Umesimama tu, Bibi."

"Nimesimama tu! Ng'ombe hajakatiwa majani. Kibarua yuko kwenye migomba anataka chai yake, maji yaje yasije. Na hao walio chini yangu, zamu yao inaliwa na nani?"

Nikageuka kuyatazama mashamba ya chini.

"Haya, shika jembe, angalau mmoja wetu aonekane ana kazi." Akacheka, nami nikacheka huku machozi yakinitoka.

Jumatatu niliwaomba radhi watu wa meli, nikaikubali tozo. Tulipata nafasi katika meli iliyofuata, na mnunuzi akapokea mzigo shingo upande.

Uliza, mwanangu. Hata leo sijakubali kwamba tozo ile yote ilikuwa ya haki. Lakini ukimwona mtu amesimama, usiseme hapotezi kitu. Uliza kwanza ni nani wanaomngoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mengine yako mbali na macho yako. Mungu akujalie maswali mengi, na masikio ya kuyatosha majibu yake.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua: meli ile iliyotuacha ilichoma mafuta siku zote ilizotia nanga, na ili kufidia muda ikapita bandari iliyofuata bila kusimama. Huko nako kulikuwa na kahawa ya wakulima, imepangwa gatini, inaisubiri.