Mwaka wa Kujitenga

Kwa miaka minane Scolastica alipata usingizi kwa sababu moja tu: aliamini hakuwa na jinsi.

Binti yake Judith alipata mimba akiwa bado nyumbani, hajaolewa. Mwiko wa Wairaqw hapo Mbulu haukujali kwamba mama mtu anaimba kwaya: msichana wa namna hiyo asizae chini ya paa la baba yake, ng'ombe watakufa. Scolastica alimfungashia nguo kwa mkono wake mwenyewe. Judith akajifungulia kwenye kibanda cha kulindia mahindi, kwa baridi ile ya Juni, na kichanga hakikumaliza siku mbili.

Judith akashuka Basotu. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mtu anajitafutia, naye akauza mitumba mnadani. Mwaka wa tatu akaja nyumbani. "Shikamoo, mama. Nimekusamehe. Najua hukuwa na jinsi." Tangu hapo kila Krismasi alileta sukari na blanketi.

Sasa sikia balaa. Mkoa wa Manyara ukiwa bado mchanga, mimba ikaingia kwa jirani, mzee Bura, mtu wa mila kupita kiasi, kanisani hata mlango haujui. Kijiji kizima kikasubiri amfukuze binti yake Marieta. Wapi! Bura aliwaambia wazee, "Mila inaruhusu. Tutajitenga nyumba nzima." Mwaka mzima hawakuingia kwa mtu, hawakunywa kisima kimoja na watu, salamu walipewa kwa mbali. Mjukuu akazaliwa ndani, penye moto. Ng'ombe wakazaa vizuri tu.

Scolastica akakosa raha kabisa. Njia ile ya kujitenga aliijua tangu utoto, nani asiyeijua? Hata siku ile ya kufungasha nguo ilimpitia kichwani, akaifukuza. Wala hakuogopea ng'ombe. Aliogopa mwaka mmoja bila kwaya, bila wanawake wenzake, watu wakimpisha njiani. Aibu tu, jamani! Mtoto wa mtu akafa kwa ajili ya aibu.

Krismasi ikafika, na Judith naye. Habari za Bura alikwisha kuzisikia mnadani. Hakuketi.

"Mama, mzee Bura aliwezaje?"

Scolastica angeweza kumdanganya. Angesema Bura ni mwanamume, Bura ana ng'ombe wengi, na Judith angekubali. Macho yake yalikuwa yanamwomba aseme hivyo.

"Hata mimi ningeweza," akasema. "Nilijua. Niliogopa watu."

Judith akaweka sukari na blanketi juu ya kigoda, polepole, kama anayeogopa kuvunja kitu.

"Mtoto alikuwa wa kike, mama," akasema. "Miaka yote hii hujaniuliza."

Akajitanda kanga yake, akatoka. Krismasi mbili zimepita, hajaja.