Majina 41 Ndani ya Programu ya Kazadi

Mgeni njoo, mwenyeji augue. Hivyo ndivyo Albertine Kanku anavyoupindua msemo wa wahenga kila anapoletewa programu iliyozaliwa kwenye mfumo mmoja, ikilazimishwa kuishi kwenye mwingine.

Ni saa nne asubuhi, mtaani Mikelenge. Umeme wa sola utadumu saa tatu tu. Albertine, mwenye miaka 45, anasugua macho mbele ya skrini iliyojaa tarakimu. Ni wiki ya tatu sasa ya kazi hii, na maumivu ya mgongo hayamwachi.

Programu hiyo iliandikwa mwaka 2001, katikati ya vita, na marehemu Kazadi, karani wa reli aliyemfundisha Albertine kazi hii. Ilitunza orodha ya watoto waliopotezana na wazazi. Maandishi yake ya asili yaliungua na nyumba. Ilibaki diski yenye majina na programu iliyokwisha kugeuzwa lugha ya mashine. Sasa kamati ya familia zinazowatafuta watoto hao ina kompyuta zenye mfumo wa Linux, nazo zinaikataa.

Cédric, fundi wa kamati, alifuta “.exe” mwishoni mwa jina la faili, akabofya. Haikufunguka.

“Mudogo wangu, ukimwita mbuzi kondoo, sufu itatoka wapi?” Albertine anamtania.

Anamwonyesha herufi mbili za kwanza: MZ, alama ya programu za DOS na Windows. “Ya Linux inaanza na alama moja, halafu ELF. Ya Mac iko na namba yake. Maagizo ya ndani yanaweza kufanana, lakini kila mfumo unataka kuambiwa kwa desturi yake: yako wapi, yapakiwe wapi, mlango wa kuanzia njo upi.”

Hata kusoma faili huombwa tofauti. Ndiyo maana anafumbua agizo moja moja, ili aiandike programu upya kwa ajili ya Linux.

Juzi alikuta agizo la ajabu: kila jina lenye nukta mbele, programu iliruka. Watoto 41. Kazadi aliwaficha, wenye silaha wasijue walipopelekwa.

“Aliwalinda,” anasema kwa sauti iliyochoka. “Lakini alikufa bila kutuambia.”

Albertine aliondoa agizo hilo katika sehemu aliyokwisha kuiandika upya, akachapisha orodha nzima, akaibandika mlangoni pa kamati. Jina la tisa: Rehema, miaka saba wakati huo, kapelekwa Lokandu. Dada yake, Zainabu, muuza samaki, amemtafuta tangu vita. Alilisoma mara mbili, akaketi vumbini.

Jana jioni alikuja mwenyekiti wa kamati, Rémy. “Mama Albertine, siri ya marehemu haifunguliwi hivi! Hukuuliza mtu. Keshokutwa uombe radhi mbele ya kamati.”

Jumamosi Albertine atapanda pirogi, mtumbwi wa mtoni, na Zainabu hadi Lokandu kumtafuta Rehema. Akirudi, atamaliza programu ya Linux na kuandika maelezo yake kwenye daftari, ili akifa mwingine asianze kufumbua upya.

Na radhi?

“Nilimwambia Papa Rémy: siombi. Kesho nitamwambia tena.”